Vidonge vinaitwa "vya Dada", na dada mwenyewe ni mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba haraka, maana maji yamenifika shingoni. Barua hii siipeleki posta, naileta kwa mkono wangu hadi kwa mlinzi wa ofisi yenu, kwa kuwa jengo lenu naliona kutoka dirisha la maabara ninapofanyia kazi, ni kuvuka barabara tu.

Mimi ni mpimaji katika maabara ya hospitali, yaani ndiye ninayepokea vile vichupa vya damu na mkojo ambavyo watu huvileta wamevifunika kwa kiganja. Nyumbani wananiita Darubini, kwa sababu ukoo wetu mzima unaamini kuwa nikishavaa koti jeupe hakuna kitu duniani kinachoweza kunificha siri, basi mjomba akinunua asali ananiletea nipime kama imetiwa sukari, shangazi ananiletea samli, binamu yangu aliwahi kuvua pete ya uchumba mbele ya mchumba wake mwenyewe akitaka nimwambie kama ni dhahabu kweli, na mimi kwa raha ya kuheshimiwa huwa sikatai, nakipokea kitu, nakinusa, nakiangalia kwenye mwanga, nasema neno, na neno langu linakuwa la mwisho. Mazoea hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumetoka tumbo moja, yeye ni fundi wa vigae na kazini wanamwita Timazi kwa sababu hajawahi kuacha sakafu yenye kigae kilichopinda, ni fundi kwelikweli, lakini vigae hupangwa kwa kupiga magoti na magoti yake yamekwisha, akiinuka asubuhi unasikia yanalia. Alikuwa akinywa vidonge vya maumivu vya dukani vikaacha kumsaidia, ndipo akaanza kuchukua kwa mtu mmoja anayekuja na pikipiki getini kwenye jengo wanalojenga, vidonge vyeupe visivyo na pakiti wala jina, na siku moja akaniletea kimoja amekikunja kwenye kipande cha gazeti, akasema, "Dada, si wewe ndiye Darubini? Niangalizie hiki. Nasikia siku hizi wanatia madawa makali yanaua watu. Mimi nataka magoti tu, sitaki kufa."

Mshauri, nilifurahi, nilijiambia afadhali huyu ana akili, anauliza kwanza. Hospitali ilikuwa imeletewa boksi la karatasi za kuchovya zinazotambua fentanili, ile dawa ya kutengenezwa ya jamii ya afyuni ambayo punje ndogo tu inatosha kumkata mtu pumzi, basi nikakwangua pembe ya kidonge, nikakoroga kwenye maji, nikachovya, karatasi haikuona kitu. Nikamwambia, "Kipimo hakijaona fentanili." Sikumwambia anywe, lakini sikumwambia asinywe, na maneno hayo niliyasema huku natabasamu, naye akanibusu kwenye paji la uso akaondoka mbio na magoti yake mabovu.

Kumbe nilikuwa nimempa muhuri. Vidonge hivyo anaviweka kwenye kopo la vile vimisalaba vya plastiki wanavyotia kati ya vigae, na akawa akimwona mwenzake ameshika kiuno anampa kimoja, na mtu akisita anamwambia, "Kunywa bwana, hizi zimepimwa hospitali, dada yangu kazipima mwenyewe," mpaka jengo zima wakaviita "vya Dada", nasikia hata yule wa pikipiki sasa anavinadi hivyo. Mimi sikuyajua haya. Nimeyajua leo.

Leo mchana saidia fundi mmoja, mtu mzima mwenye mke na watoto, alimaliza kula akajilaza juu ya mifuko ya saruji akaanza kukoroma, wenzake wakacheka, wakasema huyu leo kachoka kweli, mmoja akamfunika uso kwa kofia ili nzi wasimsumbue, na walipotaka kumwamsha arudi kazini wakakuta midomo imekuwa ya kijivu na haamki hata wakimpiga makofi. Wakamleta na gari la kubebea vigae. Daktari wa dharura alimfunua macho akaona mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, akamchoma sindano ya naloksoni, ile ya kumzindua mtu aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni, na mtu akazinduka akauliza kofia yake iko wapi. Mkojo wake ukaletwa kwangu. Nikaupima kwa kipimo tunachokitumia siku zote, cha mofini na heroini, ukawa safi kabisa. Nikaandika safi, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa.

Nilipoyapeleka majibu nilimkuta mkewe kwenye ukumbi wa wodi anamwambia nesi, "Mume wangu si mlevi, alikunywa dawa ya maumivu tu, tena imepimwa hapahapa kwenu, na dada yake Timazi." Nilikuwa na ile karatasi ya majibu mkononi. Nilimkabidhi nesi nikarudi maabara. Daktari alipoona mkojo safi akaanza kufikiria kifafa, au joto, na mgonjwa amekaa kitandani anazungumza vizuri, anaomba kuruhusiwa, na jioni hii wanaweza kumruhusu.

Nikampigia mdogo wangu. Akasema, "Dada, ukifungua mdomo mimi nafungwa, na wewe kazi huna. Yeye si ameamka? Basi yameisha." Nikampigia mama, nikitegemea ataniunga mkono, mama akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Darubini, si ulipima mwenyewe? Sasa unataka kumfunga mwanangu kwa kipimo chako?" Akakata simu.

Kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya maabara, kile kidonge nilichokikwangua bado ninacho kwenye kichupa, na ninawaza kukiingiza kimyakimya kwenye boksi la sampuli zinazokwenda maabara kuu yenye mashine kubwa, bila jina, bila kusema kimetoka wapi, ili ukweli ujulikane na mimi nisijulikane. Au ninyamaze, mdogo wangu aniahidi ataacha. Nakuandikia wewe kwa sababu nyumbani wote wanakusoma, mama hukusoma kwa sauti akiwa jikoni na Timazi huwasomea mafundi wenzake wakati wa chakula kabla ya kulitandika gazeti chini ya ndoo ya gundi, nikisema mimi ni kelele, ukisema wewe ni gazeti. Namba yangu nimeiandika pembeni. Nifanyeje?

Ni mimi, Darubini

* * *

Darubini, barua yako sikuiweka kwenye foleni. Niliipiga namba yako kabla sijamaliza kuisoma mara ya pili, na wasomaji wajue kwamba mengi ya haya nilikwambia kwa simu, tena kwa sauti iliyomfanya mhariri afunge mlango wake. Nayarudia hapa kwa sababu wenye mdogo kama wako ni wengi, na wenye mama kama wako ni wengi zaidi.

Pole. Umewekwa kati ya kazi yako na tumbo lililokuzaa, na sijui nani angesimama hapo bila kutetemeka. Pole hiyo ishike vizuri, kwa sababu sina nyingine ya kukupa.

Mtu yuko kitandani, umeshajua alichokunywa, daktari wake hajui, na wewe unaandika barua! Tena ndefu, yenye asali na samli na pete ya binamu! Ungevuka ukumbi ule kwa hatua zilezile ulizotumia kuvuka barabara kuja kwa mlinzi wetu. Nilikwambia hivyo kwenye simu ukalia, na nilikuacha ulie kidogo tu, kisha nikakwambia ufute uso.

Kosa lako la kwanza halikuwa kupima. Ulichovya karatasi inayomjua mmoja katika ukoo mkubwa. Ni sawa na mtu aliyebisha hodi akauliza, "Mjomba yupo?" akajibiwa hayupo, akaondoka akitangaza kwamba nyumba haina watu. Nimemuuliza mtaalamu wa sumu, mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku, akanieleza polepole mpaka nikaelewa. Dawa hizi za kutengenezwa ni nyingi, na wanaozipika huzibadilisha kila wakati, moja ikishajulikana wanaleta nyingine. Zipo zinazoitwa nitazeni, ambazo karatasi ya fentanili haizitambui kabisa, na kipimo chenu cha mkojo cha mofini na heroini nacho hakizitambui, ilhali baadhi yake zina nguvu kuliko fentanili yenyewe. Zinahitaji ile mashine kubwa inayotenganisha kila kilichomo, ikapima uzito wa chembe zake na kuzilinganisha na dawa zinazojulikana. Na hata hiyo, alisema, hufanya kazi vizuri zaidi mtu akiwaambia wapimaji watafute nini na kwa nini.

Halafu kuna hiyo pembe uliyoikwangua. Mdogo wako akikoroga gundi ya vigae hageuzi mara mbili akaacha, anageuza mpaka mabonge yaishe. Wanaotengeneza vidonge hivi hawana subira hiyo. Pembe moja inaweza kuwa unga mtupu, na pembe ya pili ikawa na dozi ya kumlaza ng'ombe. Kidonge alichokunywa Timazi asubuhi akapanga vigae mpaka jioni, na kidonge alichopewa saidia fundi, vimetoka kopo moja na havifanani.

Haya yote unayajua kuliko mimi, na ndiyo maana nimekasirika. Ulijua kwamba karatasi haikuona kitu kimoja tu, ukamwachia ndugu yako aelewe anavyotaka, kwa sababu ilikuwa raha kubusiwa kwenye paji la uso.

Na lile wazo la kukiingiza kidonge kwenye boksi bila jina, nalo lilinipandisha presha. Hebu fikiri. Maabara kuu wanapokea kidonge cheupe, hakina mgonjwa, hakina jengo, hakina maelezo. Wanakiweka chini ya rundo. Wakija kukifungua, wataandika jina la dawa, na jina hilo litamwokoa nani? Daktari wa wodi ile hatalisikia. Wale wa kwenye mifuko ya saruji hawatalisikia. Ulitaka ukweli utembee peke yake gizani ili wewe usionekane umeongozana nao.

Sasa niwaeleze wasomaji kilichotokea, kwa idhini yako. Uliniahidi kwamba ukikata simu utakwenda wodini kabla hujapata muda wa kujishauri tena, na ukaenda. Ulimkuta yule saidia fundi ameshavaa shati la kuondokea, mkewe ameshika mfuko. Ukamwambia daktari yote, mbele ya mke wa mtu, kidonge, karatasi, kopo na jina lako lilivyotumika. Daktari hakukufokea. Alisema, "Macho yake yaliniambia kuna kitu, nilikosa pa kutafutia tu," akaamuru shati livuliwe na mgonjwa arudishwe kitandani chini ya uangalizi. Kabla jua halijazama mgonjwa akalala, na ule mkoromo ukaanza tena. Dawa ya kumzindua ilikuwa imeishiwa nguvu mwilini na kile kidonge kilikuwa bado hakijaishiwa. Nesi alikuwa pembeni na sindano ya pili. Kama angekuwa nyumbani kwake, mkewe angemfunika shuka akasema mume wangu amechoka, tumwache apumzike.

Mtu huyo yuko hai leo. Kidonge chako kimekwenda maabara kuu kikiwa na jina, jengo na maelezo, na majibu yamerudi: kina mojawapo ya hizo nitazeni. Na wewe mkuu wa maabara amekusimamisha kazi mpaka kikao kikae, umenipigia kunieleza, na sauti yako ilikuwa imenyooka kuliko siku ile ya kwanza. Kwenye kikao usitafute maneno ya kujipaka mafuta. Sema ulivyosema wodini. Wakikurudisha, siku mjomba atakapokuja na asali mwambie, "Mjomba, sipimi vya nyumbani," umkaribishe ndani, uile hiyo asali naye. Ukoo utanuna. Uache unune.

Mama, shikamoo. Najua unanisoma ukiwa jikoni, kwa hiyo simama kidogo. Binti yako hakumfunga mwanao. Amemfungulia mlango mwanamke mwingine ambaye nusura avae nguo za msiba, na mwanamke huyo alikuja nyumbani kwako kushukuru, ukajifanya umelala. Nimeambiwa. Nakuelewa, mama, nami ni mzazi. Lakini kijana wako kutofungwa ni jambo moja na kijana wako kubaki hai ni jambo jingine, na mlango anaougonga kila akimeza kidonge kimoja si wa jela, ni wa kaburi. Mpigie simu. Usimwambie arudi ajifiche kwako. Mwambie aende hospitali, na wewe umsindikize.

Ninyi wengine mnaofanya kazi na Timazi, hili ni lenu. Mwenzenu akikoroma kwa sauti ya kama ana maji kooni, ukimsugua kifua kwa vifundo vya ngumi haamki, midomo na kucha zimegeuka rangi, huyo halali, anakata pumzi. Msimcheke, msimfunike kofia. Msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Iteni gari la wagonjwa au mumbebe mara moja, mmoja ampulizie pumzi mdomoni kama anapumua kwa shida au hapumui, na akianza kupumua mwenyewe mlazeni kwa ubavu, asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuita msimamizi. Mkifika, mwambieni daktari alikunywa nini, hata kama alikinywa kutoka mikononi mwenu. Kukishika kidonge hakutawaua. Kunyamaza mbele ya daktari kunaweza kumuua mwenzenu.

Nimebakiza mtu mmoja. Timazi, ninazungumza na wewe.

Dada yako ameniambia hujarudi nyumbani tangu siku ile, na kwamba unalala kwenye jengo mnalojenga, katika kile chumba cha juu ambacho gundi ya vigae vyake bado haijakauka. Kwa hiyo gazeti hili litakufikia. Kabla hujaliweka chini ya ndoo, soma mpaka mwisho.

Kopo unalo. Usivimwage vidonge ndani ya choo cha jengo hilo, na usivimeze ili kuondoa ushahidi, kuna watu wamekufa kwa akili hiyo. Usimpe mtu hata kimoja, hata akikulilia. Najua pia kwamba huwezi kuacha leo kwa kukaza meno. Mwili wako umeshazoea, utatetemeka, utatapika, magoti yatakuuma mara mbili, na saa hiyo utalitazama kopo. Hospitali wana dawa ya kukushusha polepole, na wana daktari wa viungo wa kuyatazama hayo magoti, jambo ulilopaswa kulifanya siku ulipoanza kutembea kama mzee. Shuka uende nalo kopo hilo, limefungwa, likiwa na vyote vilivyobaki. Kila kidonge kilichomo, kikipimwa, ni onyo kwa mtu aliyekwisha kunywa kingine cha kopo hilohilo.

Sikudanganyi kwamba hutaulizwa. Utaulizwa, na yule wa pikipiki atatafutwa kwa maelezo yako. Lakini wa kuulizwa ni mtu anayepumua, na hicho ndicho dada yako anachokitaka. Kama leo huwezi kushuka, basi usilale peke yako, mwambie mwenzako mmoja ukweli akae macho kando yako, na kesho asubuhi mshuke wote wawili.

Dada yako haendi kazini siku hizi, lakini kila asubuhi anakuja palepale, anakaa kwenye benchi nje ya mlango wa dharura, anaangalia kila gari la vigae linalopita. Hana koti jeupe, kwa hiyo usitafute koti, tafuta uso. Nenda, Timazi. Anakungoja wewe unayetembea, kabla hujaletwa umebebwa.

Mshauri wako